Maestro Aliyeuita Woga Traction

Ilianza Jumapili ya tatu ya Kwaresima, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, katika Misa ya pili. Saa naijua kwa sababu juu ya mlango mkubwa wa kanisa letu kuna saa ya ukutani, inatazamana na ambo, pale panaposomwa Neno la Mungu. Nilipofungua kinywa niimbe Zaburi, sikuona kitu kingine. Mshale mrefu ulikuwa kwenye nne. Nikafungua kinywa, sauti haikutoka. Nikakifunga, nikakifungua tena. Mshale ukasogea.

Mama yangu aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya benchi. Magoti yalikuwa yanagongana ndani ya kanzu ya korale, kwaya yetu, na nilifikiri hata walioketi nyuma kabisa wanayasikia.

Maestro, mwanamke anayeongoza korale, hakuniokoa. Aliuacha ule ukimya ukae kwanza, mrefu, kama vile ulikuwa umeandikwa ndani ya wimbo. Kisha akamwashiria mpiga kinanda kwa kidole, korale ikaimba kiitikio, ikakirudia, na ndivyo ilivyokuwa Zaburi ya siku ile: kiitikio bila mashairi. Baada ya Misa nilimfuata nikijua atanitoa kati ya waimbaji wa peke yao. Alikuwa anakunja karatasi zake. Hakuinua macho.

"Leo traction ilikuwa mingi, wagon ilikuwa moja tu," akasema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambamo njo ni ndiyo na bale ni wale. "Siku ya sikukuu ya parokia, Monseigneur askofu akiwa pale, njo utaimba tena. Ukinyamaza tena, sitakurudisha ku ambo. Haiko hasira. Njo vile."

Nina miaka kumi na saba. Shuleni, profesa akiuliza swali, mimi naandika jibu kwa kidole juu ya meza na nanyamaza. Nyumbani wadogo zangu wananijibia kwenye simu. Mahali pekee ambapo sauti yangu inatoka mbele ya watu ni korale, nikiwa katikati ya wengine. Ambo ilikuwa mlango wangu wa kutoka katika huo unyamavu, na sikuwa na mwingine. Tangu Jumapili ile kitu kilichobaki kujulikana kilikuwa kimoja: nikisimama pale mara ya pili, nitaimba, au nitakaa hivi maisha yangu yote?

Lakini nataka kuandika juu ya Maestro, si juu yangu.

Jina lake siliandiki. Hata sisi wa korale hatulitumii. Sijui kama wote wanalijua. Ni Maestro. Watoto wa katekisimu wanasema Maman Maestro, yeye anawaambia wachague moja. Ni mwanamke mfupi, mjane, miwani yake imefungwa kwa mpira mweusi nyuma ya kichwa. Kabla ya kuinua mikono anavua kiatu cha kushoto. Anasema sakafu inamwambia mapema kama sauti za chini zinachelewa. Wageni wakija kutusikiliza wanaangalia kile kiatu kilichokaa peke yake kando ya mguu wake na wanataka kucheka. Sisi tulizoea zamani.

Hasifu mtu. Tukiimba vibaya anasema "turudie." Tukiimba vizuri sana, mpaka mtu mwingine analia kule kwenye mabenchi, anasema "inaenda." Sauti ni ileile. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani yeye hatupendi.

Na ana maharagi yake. Kabla ya Misa kubwa tunafika mapema, na katika chumba cha nyuma ya sakristia tunakuta beseni limejaa maharagi na malungo ya kuchagulia. Hatupashi sauti moto kwanza. Tunakaa, tunachagua maharagi, tunatoa mawe, tunaongea mambo ya mtaani. Anasema mikono ikipata kazi, tumbo linasahau kupiga kelele. Papa Zéphyrin, fundi wa magari anayeimba besi, hakuacha kumchokoza.

"Maestro, hii njo korale ao depot ya maharagi?"

"Papa Zéphyrin, weye unaimba sawa vile unachagula. Mawe inabakia ndani."

Jirani wa Maestro alimwambia mama yangu kwamba yule mwanamke hajachagua maharagi yake mwenyewe tangu apate korale. Nadhani ni kweli, maana beseni linarudi kwake likiwa safi na hakuna aliyewahi kualikwa kula. Sijui kama dawa ilizaliwa kwa sababu ya maharagi au maharagi kwa sababu ya dawa. Mikono, hata hivyo, inatulia.

Sasa lile neno traction. Baba yake Maestro alikuwa machinisti, aliendesha treni, na yeye alikua katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Alipokuwa msichana, mara ya kwanza walipomsimamisha aimbe peke yake, alitetemeka mpaka meno yakagongana, na frateri mmoja aliyefundisha nyimbo akamwambia kwa Kifaransa asijali, ni trac, woga wa kusimama mbele ya watu. Yeye alijua neno moja tu linaloanza hivyo: Traction, yaani kukokota treni, lililoandikwa kwa rangi juu ya mlango wa ofisi ambako baba yake alichukua kazi kila asubuhi. Akafikiri frateri amelikata neno, kama sisi wote wa Lubumbashi tunavyokata maneno. Na likamkaa vizuri, kwa sababu baba yake alikuwa amekwisha kumweleza kwamba mashini ikianza kukokota treni ndefu ya wagon, yaani mabehewa, inatetemeka mwili mzima, vyuma vinalia, na mtu asiyejua anafikiri itavunjika.

"Mashini yenye haitetemeke," Maestro anapenda kusema, "angalia nyuma yake. Haina wagon."

Kwa hiyo katika korale yetu hakuna mtu anayesema anaogopa. Tunaulizana kama traction iko leo. Iko. Iko kiasi. Leo iko mingi, Bwana atusaidie. Nilipoingia nikiwa mdogo, nililipokea neno hili kama nilivyopokea kiitikio, bila kuuliza limetoka wapi.

Ndiyo sababu mwaka huu, tulipopewa insha ya Kifaransa juu ya siku tuliyoogopa, niliandika juu ya ambo, na nikaandika kwamba nilikamatwa na *la traction*. Profesa aliisoma kwa sauti mbele ya darasa. Aliuliza kwa upole kama mademoiselle ni locomotive, kichwa cha treni. Si mtu mbaya, alitaka kucheka kidogo tu. Lakini tangu siku ile wavulana wa nyuma wananiita Loko, na nikipita wanapiga honi.

Sikumwambia Maestro. Christelle ndiye aliyemwambia. Ni soprano, anasoma chuo kikuu kule Kasapa, na hawezi kuona kosa likipita bila kulisimamisha. Alisema katika repetisyo, mazoezi yetu ya nyimbo, mbele ya wote, kwamba neno lenyewe ni trac, na traction ni kitu kingine kabisa.

"Frateri alisema vile," Maestro akajibu.

"Frateri alisema trac, Maestro. Inaishia palepale."

Maestro alimtazama juu ya miwani. Kisha akainama, akavaa kiatu chake cha kushoto, ingawa tulikuwa bado na wimbo mzima mbele yetu. Tuliumaliza hivyo, naye amevaa viatu vyote viwili. Hatukuwa tumewahi kumwona akiongoza namna ile.

Juma lililofuata alituambia kwamba amemuuliza Monsieur l'Abbé, padri wetu, na Christelle amesema kweli. "Nilikosea tangu utoto," akasema. "Bale ba trac, babakie na trac yabo. Shiye tuko na wagon. Ukurasa ya pili, turudie." Watu wakacheka, Christelle naye akacheka. Lakini mimi niliyezoea kunyamaza naona vitu, na niliona kwamba baada ya hapo hakulitumia tena lile neno mbele ya korale kwa muda mrefu. Akitaka kulisema alikuwa anagusa tumbo lake tu. Lilikuwa neno la baba yake. Nadhani alijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba nguo anayoivaa miaka yote ilikuwa ya jirani. Papa Zéphyrin ndiye aliyelirudisha, Jumapili moja kabla ya Misa, akilalamika kwa sauti yake nene kwamba traction imemkamata miguu. Maestro aliendelea kuchagua maharagi. Alikuwa anatabasamu ndani ya lungo.

Baada ya aibu yangu ya ambo Maestro alianza kuniita kwake, karibu na mto Naviundu, kila Jumatano baada ya shule. Nilifikiri tutaimba. Mara ya kwanza hakuniruhusu hata kuvuta hewa.

"Weye unajaza hewa sawa ballon," akasema. "Ballon ikijaa sana inafanya nini? Toa kwanza. Toa yote. Yenye kuingia itaingia yenyewe."

Halafu aliniuliza traction imekaa wapi. Sikuelewa. Akasema haikai mwili mzima, mtu anafikiri tu. Ina kiti chake. Nikatafuta, nikasema magoti. Basi, akasema, tuyaachie magoti, yatetemeke, hiyo ni kazi yao, sisi tunataka shingo tu. Kila Jumatano aliniuliza. Siku nyingine ilikuwa mikono, siku nyingine taya. Hakuniambia hata mara moja nisiogope. Mama yangu ananiambia hivyo tangu nizaliwe, na kila akisema ninaogopa mara mbili: kwanza watu, kisha kwamba bado naogopa.

Niliimbia ukuta wake. Kisha nilimwimbia yeye akiwa amenigeuzia mgongo anaosha sombe, majani ya muhogo, kisha akiwa amekaa mbele yangu na miwani yake. Kisha akanichukua barabarani, kwa wamama wanaouza nyanya na makala, mkaa wa kupikia, akaniambia nichague shairi moja niliimbe pale, huku yeye ananunua vitunguu. Niliimba. Sauti ilitoka kama maji ya bomba wakati yanakwisha. Mama wa nyanya aligeuka kwa mwenzake.

"Ule mutoto anaimba ao anaomba maji ya kunywa?"

Walicheka mpaka mmoja akashika kiuno. Nililia njia nzima. Maestro alitembea kando yangu na vitunguu vyake, hakunishika hata bega.

"Banakucheka?"

"Ndiyo."

"Umekufa?"

"Hapana."

"Bon. Njo habari nilitaka usikie."

Nilimchukia siku ile, naandika kama ilivyo. Lakini Jumatano iliyofuata yule mama wa nyanya aliniita mwenyewe, akaniambia nisogee karibu na meza yake kwa sababu siku ile mwisho wa wimbo haukumfikia. Nikasogea.

Maestro alikuwa mkali, na si kila mara kwa haki. Kulikuwa na kijana wa tenor, sauti nzuri kuliko zote, hajui kutetemeka. Maestro hakumpa hata shairi moja peke yake. Alisema yule anajisikiliza mwenyewe tu, na mtu asiyetetemeka mbele ya watu hajawaheshimu. Kijana akachoka, akaenda korale ya parokia nyingine, na sasa wanamfuata mpaka Likasi kumsikia. Mimi nadhani alimwonea. Kuna watu Mungu amewapa utulivu, kama wengine amewapa meno meupe. Sikuthubutu kumwambia.

Halafu kulikuwa na harusi kule Golf, mtaa wa matajiri. Familia moja kubwa ilitualika, tukaimba bustanini, kando ya mahema meupe, na mimi nilikuwa na mistari miwili peke yangu. Sikulala vizuri juma zima kwa ajili ya ile mistari. Niliiimba, na nilipomaliza hakuna kilichotokea. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga mikono. Maestro akaniinamia.

"Weye unazani bantu bote banakuangalia. Angalia vizuri. Banaangalia nyama."

Nikaangalia, na kweli walikuwa wanaangalia nyama. Nilirudi nyumbani mwepesi, na pia nikiwa na huzuni kidogo, kwa sababu nafikiri ndani ya woga wangu kulikuwa na kiburi, na siku ile kiburi kilipewa jina lake.

Kitu kimoja sikukielewa. Katika mikutano ya shirika, jirani zetu wanaposali na kujadili, Maestro hasemi neno. Anakaa karibu na mlango. Walipomzika mume wake, mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, walimwomba aseme neno la mwisho, akakohoa, akashika koo, akaonyesha kwa mkono kwamba sauti imekwenda. Wote wakasema ni majonzi. Inawezekana. Lakini kesho yake, mlangoni pa nyumba ya kilio, alikuwa anamgombeza Papa Zéphyrin kwa sauti nzima.

Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, nilikwenda kwake alasiri kumwambia sitaimba. Nilikuwa nimeitengeneza sentensi njiani: "Maestro, mupatie Christelle." Ilikuwa fupi, nilijua itatoka. Lango lilikuwa wazi. Nikamsikia nyuma ya nyumba anaongea, nikafikiri ana wageni.

Alikuwa peke yake, anautazama ukuta, ule niliouimbia mimi. Mkononi alishika karatasi, na karatasi ilikuwa inapiga kelele ndogo, kama jani kavu.

"Yambo Monseigneur, yambo benye familia ya Mungu," akasema. Akakwama. Akaanza upya kutoka yambo. Akakwama palepale.

Nilitaka kurudi kinyumenyume lakini alinigeukia.

"Uko pale tangu saa ngapi?"

"Tangu yambo ya kwanza."

Akacheka kidogo, bila sauti, akakaa juu ya kiti chake cha plastiki. Alinieleza kwamba baraza la parokia linataka kumshukuru kesho mwisho wa Misa, kwa miaka yake na korale, na wamemwomba ajibu kwa maneno machache. Asubuhi nzima alikuwa anatafuta uongo wa kuwaambia. Koo linauma. Mtoto wa dada ameugua Kipushi.

"Unajua juu ya nini nilipenda kazi ya maestro?" akasema. "Juu njo kazi yenye unasimama mbele ya bantu bote, na unabageuzia mugongo. Hakuna anakuona uso. Miaka yote ile banaona mugongo yangu, banasema: ule mama haogope."

Kuku wa jirani walikuwa wanachakura chini ya kamba ya nguo. Aliweka karatasi juu ya magoti.

"Nilikufundisha kintu miye mwenyewe siwezi."

Kisha, bila kuuliza: "Na weye ulikuja kuniambia hautaimba."

Nikaitika kwa kichwa. Sentensi yangu yote ilikuwa imekwisha potea.

Alikunja karatasi, akaikunjua. "Basi twende bote, ao tubakie bote," akasema. "Chagula weye. Miye leo siwezi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniachia kuchagua kwa ajili ya mtu mkubwa. Nilikaa chini, juu ya kizingiti cha jikoni. Nilifikiria jinsi ingekuwa vizuri: yeye na koo lake, mimi na tumbo langu, Christelle anaimba vizuri, kila mtu anakwenda kula. Nilifikiria tenor aliyekwenda. Nilifikiria kwamba tukibakia wote, Jumatano ijayo hatutakuwa na la kuambiana, na labda Jumatano zote. Moshi wa makala ya jirani ulikuwa unaingia uani, na Maestro hakunihimiza.

"Twende," nikasema.

"Sikusikia."

"Twende, Maestro."

Akanisindikiza mpaka langoni. Hakusema inaenda. Alisema tu nile vizuri asubuhi, kwa sababu tumbo tupu linapiga mwangwi.

Asubuhi yake nilikunywa chai kwa mkate, nikaenda. Niliimba Zaburi. Karatasi ilikuwa inatikisika na nina hakika waliiona. Shairi la kwanza lilianza chini ya mahali pake, mpiga kinanda akanifuata huko chini, na tulibaki huko mpaka mwisho, lakini mwisho tuliufikia, na watu waliitikia baada ya kila shairi kama kawaida. Mwisho wa Misa wakamwita Maestro. Alipita mbele, akageuka, na parokia nzima ikauona uso wake. Akasema yambo Monseigneur, yambo benye familia ya Mungu, akakwama. Watu wakangoja. Hakuna aliyeniambia niende. Nilitoka katikati ya alto, nikapita mbele ya Papa Zéphyrin, mbele ya viti vya mapadri, viatu vyangu vikilia juu ya sakafu, nikasimama kando yake mpaka bega langu likagusa lake. Lilikuwa linatetemeka, na langu pia. Yeye akaanza mstari wa pili. Mimi sikumtazama, niliwatazama watu, uso kwa uso, benchi kwa benchi, mpaka akamaliza.